Wimbi Linalotangulia Maji

Dumila ni njia panda. Anayetoka Morogoro kwenda Dodoma huifikia akishapita Dakawa na Magole, milima ya Ukaguru ikiwa imeanza kujitokeza mbele yake. Hapo ndipo barabara ya Kilosa na Mikumi inapochepuka kwenda kushoto. Mto Mkundi unashuka kutoka milimani, unapita chini ya barabara kuu karibu na mji, kisha unaingia Wami. Mkondoa, unaopita Kilosa, nao mwisho wake ni Wami. Kwa hiyo maji ya Ukaguru na ya Kilosa hukutana kabla ya kushuka hadi baharini, upande wa Saadani.

Januari 2014 mvua kubwa ilinyesha milimani, Mkundi ukafurika, Magole na Dumila zikaingiwa na maji, na barabara ikakatika darajani. Barabara hiyo hubeba mizigo ya Dodoma, Singida na Mwanza, na mingine inayovuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili za mto. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akafika kusimamia matengenezo. Magazeti yaliandika juu ya nyumba, mashamba na abiria waliokwama, na ndivyo ilivyopasa. Lakini siku ile, mahali pamoja, kulikuwa na mambo mawili yaliyokuwa yakisafiri: mafuriko ndani ya mto, na kusimama kwa magari juu ya lami. Hesabu ya yote mawili ilikuwa imekwisha kuandikwa karibu miaka sitini nyuma, na watu wale wale, katika mwaka mmoja.

Watu hao ni James Lighthill na Gerald Whitham, waliokuwa Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1955 walitoa makala mbili zilizofuatana katika jarida la Royal Society la London. Ya kwanza ilihusu mwendo wa mafuriko katika mito mirefu. Ya pili ilihusu magari katika barabara ndefu zilizosongamana. Msomaji wa haraka angedhani wahariri wamechanganya karatasi. Hawakuchanganya. Katika mto, wingi wa maji yanayopita kwa sekunde hutegemea kina. Katika barabara, idadi ya magari yanayopita kwa saa hutegemea jinsi yalivyobanana. Ukishakubali hayo, na ukakubali kwamba maji hayapotei njiani wala magari hayayeyuki, mlinganyo unaobaki ni mmoja.

Na mlinganyo huo una jambo la kushangaza. Wimbi halisafiri kwa kasi ya kitu kinacholibeba. Mhandisi wa Marekani James Seddon alikwisha kuligundua hilo kwenye mito mikubwa ya kwao mwaka 1900, na kabla yake Mfaransa Kleitz alikuwa amefika karibu na hapo. Katika mto mpana usio na kina kirefu, ukitumia kanuni ya msuguano ya Robert Manning, mafuriko husafiri kwa theluthi tano za kasi ya maji. Maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, kilele cha mafuriko kinakwenda mita 2.5, yaani kilomita 9 kwa saa. Tone lililoanguka mlimani asubuhi bado liko njiani wakati mto umekwisha kujaa bondeni. Kilichofika ni msukumo wake, uliopokezana kutoka maji hadi maji. Barabarani mambo hugeuka. Lori la kwanza likisimama darajani, magari yote bado yanaelekea mbele, lakini kusimama kwenyewe kunarudi nyuma. Dereva aliye kilomita kadhaa huko nyuma anafikiwa na wimbi ambalo chanzo chake hajakiona.

Kuna la pili, na ndilo linaloua. Penye kina kirefu maji huenda haraka kuliko penye kina kifupi. Kwa hiyo sehemu nene ya mafuriko huikimbilia sehemu nyembamba iliyotangulia, na mbele ya wimbi kunazidi kusimama wima. Hesabu ya Lighthill na Whitham ikiachwa peke yake inafikia mahali ambapo kina kinaruka ghafla, kama ngazi moja. Hapo ndipo historia ya mafuriko inapolazimika kurudi nyuma hadi mfereji mmoja wa Scotland, maana swali la nini hulizuia wimbi lisijiangushe lenyewe lilianzia huko.

Agosti 1834 mhandisi kijana, John Scott Russell, alikuwa akitazama boti ikivutwa na farasi katika Union Canal, karibu na Edinburgh. Boti ikasimama ghafla. Maji yaliyokuwa yamekusanyika mbele yake hayakusimama. Yalijiunda kuwa kilima kimoja cha maji, laini, cha urefu wa mita 9 hivi na kimo cha sentimita 30 hadi 45, kikaondoka chenyewe. Russell akakifuata kwa farasi. Kilikwenda kilomita 13 au 14 kwa saa, bila kubadili umbo, hadi kikampotea kwenye kona za mfereji baada ya maili moja au mbili. Alijenga tangi nyumbani kwake akakitengeneza upya mara nyingi, na mwaka 1844 akatoa ripoti yake ndefu juu ya mawimbi.

Wakubwa wa sayansi hawakumpokea. George Airy, mnajimu mkuu wa Uingereza, alisema katika makala yake ya 1845 kwamba wimbi la namna hiyo lazima lizidi kuinuka mbele, yaani jambo lile lile tuliloliona mtoni. George Stokes naye mwanzoni alikuwa na mashaka. Ubishi wao haukuwa wa kijinga. Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli, na nusu ya pili ilikuwa imelala katika kazi nyingine kabisa, ya Wafaransa.

Desemba 1813 chuo cha sayansi cha Paris kilitangaza tuzo: nani ataeleza jinsi wimbi linavyoenea juu ya maji ya kina kirefu baada ya kutikiswa mahali pamoja? Augustin-Louis Cauchy, akiwa na miaka ishirini na kitu, alishinda mwaka 1816. Siméon Denis Poisson, ambaye alikuwa miongoni mwa wakubwa wa chuo, alilijibu swali hilo hilo kwa njia yake. Wote wawili waliligawa tikiso kuwa mawimbi mepesi yasiyo na idadi, kila moja na urefu wake, wakayaacha yasafiri, kisha wakayajumlisha tena. Jumla hiyo ni intigrali. Na kwa kuwa kinachojumlishwa kinapanda na kushuka bila kukoma, ni intigrali ya mtikisiko: chanya inafuta hasi, hasi inafuta chanya, na jibu ni kile kidogo kilichosalimika.

Ugumu wote uko hapo. Mawimbi ya maji ya kina hayana kasi moja. Marefu hukimbia, mafupi hubaki nyuma. Aliyewahi kusimama pwani ya Bagamoyo au Unguja wakati dhoruba iko mbali sana ameona mawimbi mapana yakifika kwanza na yale ya kubana yakifuata baadaye. Hali hiyo huitwa mtawanyiko, na milinganyo yenye tabia hiyo ndiyo milinganyo ya mtawanyiko. Kuandika intigrali yake ni rahisi. Kujua thamani yake baada ya saa sita, wakati mawimbi yote yamekwisha kuachana, ni kazi nyingine.

Airy huyo huyo aliyembishia Russell ndiye aliyeonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Mwaka 1838, akichunguza mwanga kandokando ya upinde wa mvua, alipata intigrali ambayo leo ina jina lake. Aliikokotoa kwa mkono, kipande kwa kipande, akafika mahali ambapo mipanda na mishuko ilibanana kiasi kwamba hesabu haikusonga. Mistari ya giza aliyoweza kuieleza ilikuwa miwili tu, ilhali William Miller wa Cambridge alikuwa amepima 30. Mwaka 1850 Stokes alikata shauri kwamba kujumlisha vipande ni njia mbaya. Akaangalia badala yake intigrali inavyokuwa pale kipimo kinapokuwa kikubwa, akapata kanuni fupi iliyotoa mistari ile yote na zaidi. Mimi naona hapo ndipo uwanja wa intigrali za mtikisiko ulipozaliwa: mtu alipoacha kuuliza jumla ni ngapi, akauliza ni wapi mawimbi hayafutani.

Lord Kelvin alilijibu swali hilo wazi mwaka 1887. Mawimbi hufutana kila mahali isipokuwa pale ambapo hatua za mawimbi jirani, yaani kupanda na kushuka kwake, zinalingana kwa kitambo. Mahali hapo panatoa karibu jumla yote. Pengine pote panaweza kutupwa. Kwa kanuni hiyo alieleza mkia wa mawimbi unaofuata chombo majini. Katika maji ya kina, mkia huo unafunguka nyuzi 19 na nusu kila upande, uwe wa bata au wa meli ya mizigo inayoingia Dar es Salaam. Ukubwa wa chombo haumo katika jibu.

Wakati huo huo upande wa mito ulikuwa ukienda kwa mguu wake. Saint-Venant, mhandisi wa barabara na madaraja wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1871 milinganyo miwili ya maji yanayotiririka katika mfereji: mmoja wa ujazo, mwingine wa msukumo, mteremko na msuguano. Hadi leo programu nyingi za mafuriko zinazoendeshwa kwenye kompyuta zinakokotoa hiyo hiyo. Milinganyo ya Saint-Venant haina mtawanyiko, kwa hiyo ndani yake Airy angeshinda: mbele ya wimbi lazima kusimame wima. Aliyeongeza kipande kilichokosekana ni mwanafunzi na rafiki wa Saint-Venant, Joseph Boussinesq, kati ya 1871 na 1877. Alikumbuka kwamba maji hupanda na kushuka pia, hayaendi mbele tu, na kupanda huko kunayachelewesha mawimbi mafupi. Mwaka 1895 Waholanzi wawili, Diederik Korteweg na mwanafunzi wake Gustav de Vries, waliyafupisha hayo kuwa mlinganyo mmoja wenye majina yao. Ndani yake nguvu mbili hushindana: ukubwa wa wimbi unalisukuma lijikusanye, mtawanyiko unalivuta lifumuke. Zikilingana, wimbi la Russell linapita likiwa zima. Russell alikuwa amekufa miaka 13 kabla. De Vries alimaliza maisha yake ya kazi akifundisha shule ya sekondari Haarlem, na mlinganyo wake ukalala karibu miaka 70.

Ulipoamka, uliamshwa na kompyuta. Norman Zabusky na Martin Kruskal waliukokotoa mwaka 1965 wakaona mawimbi ya pekee yakigongana na kutoka kila moja na umbo lake. Wakayapa jina la solitoni. Huo ni mkondo unaojulikana zaidi. Mwingine ulikuwa wa kimya, wa wataalamu wa intigrali. Mholanzi Johannes van der Corput alitoa mwaka 1921 kipimo cha juu cha intigrali ya mtikisiko kwa kuangalia tu jinsi hatua inavyopinda. Elias Stein wa Princeton akayapanua mambo hayo hadi vipimo vingi. Robert Strichartz akaonyesha mwaka 1977 kwamba mtawanyiko, ukipimwa kwa muda na nafasi pamoja, unalainisha suluhisho. Baada ya hapo mikondo miwili ikakutana. Mwaka 1993 Carlos Kenig, Gustavo Ponce na Luis Vega kwa upande mmoja, na Jean Bourgain kwa upande wa pili, walithibitisha kwamba mlinganyo wa Korteweg na de Vries unakubali hata wimbi la mwanzo lililo chakavu sana, kwa sababu mtikisiko unafuta madhara ya ukubwa kabla hayajalimbikizana. Bourgain alipata nishani ya Fields mwaka uliofuata.

Sasa turudi kwenye Mkundi, maana kuna mtu atauliza: je, mtawanyiko unaizuia ngazi ya maji pale Dumila? Kwa kiasi kidogo sana. Mfereji wa Russell ulikuwa tambarare, maji yake yametulia. Mto unaoshuka kutoka Ukaguru una mteremko, mawe, magogo na matope. Msuguano ndio mtawala. Kinacholainisha mbele ya mafuriko ni msuguano huo na maji yanayomwagika kwenye mashamba ya kando. Wimbi la pekee lililo safi halizaliwi katika mto wa namna hiyo. Hapa naona tukiri kwamba hesabu nzuri kuliko zote haikutengenezwa kwa ajili ya tatizo lililo karibu nasi.

Ila kuna mahali ambapo ilitufikia, na aliyeileta ni Lighthill yule yule. Mwaka 1969 alichapisha uchunguzi mrefu kuhusu Bahari ya Hindi na kuanza kwa kusi. Mabaharia wa pwani yetu walijua tangu zamani kwamba mkondo wa Somalia hugeuka: wakati wa kaskazi unashuka kusini, wakati wa kusi unakwenda kaskazini kwa nguvu. Swali la Lighthill lilikuwa hili: upepo unaovuma katikati ya bahari, mbali na Somalia, unawezaje kuusukuma mkondo ulioko ufukweni? Jibu lake ni mawimbi makubwa yanayotokana na mzunguko wa dunia, aliyoyaeleza Carl-Gustaf Rossby mwaka 1939. Hayainuki kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini yana upana wa mamia ya kilomita, yana mtawanyiko, na karibu na ikweta yale marefu husafirisha nguvu kuelekea magharibi tu. Upwa wa Afrika Mashariki ndio ukuta unaoyapokea. Kwa hesabu ya Lighthill, habari ya upepo wa bahari kuu inafika huko katika muda wa mwezi mmoja hivi. Mtu huyo aliyapenda maji kwa namna isiyo ya darasani: alikuwa muogeleaji wa masafa, na alikufa mwaka 1998 akiogelea kuzunguka kisiwa cha Sark, njia aliyokwisha kuipita miaka 25 nyuma.

Mawimbi ya Rossby yana habari na mvua zetu. Mwaka 1999 watafiti walieleza tabia ya Bahari ya Hindi inayoitwa dipoli: miaka mingine maji ya upande wa Sumatra hupoa na ya upande wetu hupata joto, na vuli ya Afrika Mashariki hufurika. Upepo usio wa kawaida juu ya ikweta hutuma mawimbi ya Rossby magharibi, nayo huizamisha tabaka ya maji ya joto kusini magharibi mwa bahari na kuiweka hapo kwa miezi. Ilitokea 1997, pamoja na El Niño ambayo Watanzania bado wanazitaja mvua zake kwa jina. Ilitokea tena 2019. Mvua ziliendelea hadi mwaka mpya, na Machi 2020 maji yalibomoa daraja la Kiyegeya, Gairo, kwenye barabara ile ile ya Dodoma, mbele ya Dumila. Si kila mafuriko yanatoka huko. Mvua ya siku moja milimani, kama ya 2014, haihitaji dipoli.

Kilosa wana kumbukumbu ndefu zaidi ya mafuriko. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Baada ya Kilosa waliipitisha katika bonde la Mkondoa kuelekea Gulwe, kwa kuwa mto ulikuwa umekwisha kuchonga njia milimani. Milinganyo ya Saint-Venant ilikuwepo, lakini haisemi lolote bila kupewa kiasi cha maji, na hakuna aliyekuwa amepima mvua ya Ukaguru kwa miaka ya kutosha. Mto ukaendelea kuila reli vizazi kwa vizazi. Mwishoni mwa Desemba 2009 tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa lilizidiwa, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ikakatika kwa miezi. Waliojenga reli mpya ya kisasa karne moja baadaye walichagua kutoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki, na treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zikaanza 2024.

Wataalamu wapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara ya uhandisi wa rasilimali za maji, na Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati, alichagua mwendo wa vimiminika na kufundisha hapo kwa miaka mingi. Mto Wami una vituo vya kupimia kina Dakawa na Mandera, na ofisi ya bonde la Wami na Ruvu iko Morogoro. Tatizo ni nafasi ya vituo hivyo. Dakawa iko chini ya Dumila. Kipimo chake kinaeleza mafuriko yaliyokwisha kupita. Dipoli ya 2019 iliweza kuonekana miezi kabla, kwa sababu mawimbi ya Rossby ni ya taratibu na satelaiti huyafuata kila siku. Mkundi una kilomita chache za mlima na theluthi tano za kasi ya maji, na kwa hesabu ya 1955 kituo kilichowekwa kilomita 20 juu ya daraja kingewapa watu wa Dumila saa mbili na zaidi kidogo.